AHADI YA KURUDI

Sehemu ya Tano

ILIPOISHIA: Daktari Atupele amepangiwa hospitali huko Kansas, Marekani, kusomea ubingwa wa magonjwa ya ndani kuanzia Julai 2024. Ukoo umeshangilia na kakao imeuzwa. Lakini jioni ya Jumatano, Aprili 17, wazee wakiwa wamekaa nyumbani kwao karibu na Ipinda, karatasi imedondoka kutoka kwenye mkoba wake. Baba yake mkubwa, mwalimu mstaafu, ameiokota, akavaa miwani na kuisoma hadi mwisho. Kisha akamtazama. "Binti yangu, mbona hapa imeandikwa kwamba utarudi?"

SASA ENDELEA...

Hakuna aliyekohoa. Nje mvua ilikuwa imepungua, na upepo ulileta ndani harufu chachu ya kakao iliyovundikwa chini ya majani ya migomba. Sahani za mbalaga na mbasa zilikuwa hazijaondolewa.

"Ni sharti, Baba mkubwa," Atupele alisema. "Viza watakayonipa inaitwa J-1, ni viza ya mafunzo. Wizara yetu ya Afya inatakiwa iandike kwamba Tanzania inawahitaji mabingwa wa fani ninayokwenda kusomea. Na mimi niahidi kwa maandishi kwamba nikimaliza nitarudi kuifanya kazi hiyo hapa. Bila hivyo hawanipokei."

"Mafunzo ni miaka mingapi?"

"Mitatu. Baada ya hapo natakiwa nikae nyumbani miaka miwili kabla sijaruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu kule."

Asajile, mdogo wake wa mwisho, anayefanya kazi stationery pale Ipinda na ndiye aliyemchapia dada yake fomu zote tangu siku ya kwanza, aliinua kichwa. "Kwa hiyo grini kadi hupati?"

Niseme neno hapa, msomaji, kwa sababu swali la Asajile linaulizwa kwenye sebule nyingi kuanzia Kasumulu hadi Tukuyu. Tunapomsindikiza daktari wetu Uwanja wa Songwe tunaamini anakwenda kukaa, na kwamba makaratasi yatamfuata mwenyewe. Wengi hatujui kwamba kila njia ina ahadi yake na kila ahadi ina miaka yake. Daktari anayekwenda Marekani hufanya mitihani ile ile anayofanya mwanafunzi wa kule, kila mmoja kwa karibu dola 1,000 au zaidi. Akifaulu huomba hospitali, na Machi mfumo wao humpangia moja. Akishapangiwa amefungwa. Akijitoa bila kibali anaweza kuzuiwa kuomba tena. Fedha za Atupele zilitoka kwenye michikichi ya bibi na kakao ya baba, na mtihani wa kwanza aliufanyia Nairobi, akasafiri kwa basi kutoka Kyela.

"Ipo njia," Atupele alisema polepole. "Inaitwa msamaha. Mwaka 1994 seneta mmoja wa North Dakota, Kent Conrad, aliona vijiji vya kwao havina madaktari. Akapitisha sheria. Sasa kila jimbo linaweza kuwaombea madaktari 30 kwa mwaka wasamehewe ile miaka miwili ya kurudi kwao. Wanachotakiwa ni kufanya kazi miaka mitatu mahali ambapo madaktari wa kule hawataki kwenda."

"Vijijini," Mwalimu alisema.

"Vijijini, au mitaa ya maskini mijini."

Mwalimu alikunja kidole cha kwanza. "Unaingia 2024. Unamaliza 2027. Ukisamehewa, unatumikia kijiji chao hadi 2030. Hapo ndipo unapewa kadi?"

"Hapo naruhusiwa kuiomba. Kwa njia waliyoitenga kwa madaktari wa maeneo hayo, utumishi wote ni miaka mitano. Kadi yenyewe haitoki kabla hujaitimiza."

"Elfu mbili thelathini na mbili." Vidole vilikuwa vimekwisha mkono mmoja. "Sasa nielewe vizuri. Unaiahidi Dodoma kwamba utarudi. Halafu unaiomba Washington ikufutie ahadi uliyoipa Dodoma."

"Sheria yao inaruhusu, Baba mkubwa."

"Sikuuliza sheria yao."

Mama mdogo aliingilia kati. Alisema maneno ya haki kabisa: kwamba mtoto huyu alimaliza mafunzo kwa vitendo akakaa bila ajira, nchi hii hii inayolia haina madaktari ikimwangalia. Kwamba Machi 2017 Serikali ilikubali kuwapeleka madaktari 500 Kenya baada ya mgomo wa madaktari wa Kenya, mahakama ya kule ikazuia, na hapo ndipo Rais Magufuli alipoagiza 258 kati ya walioomba waajiriwe hapa hapa. "Ina maana walikuwepo siku zote," Mama mdogo alisema. "Wamekaa tu na vyeti vyao. Leo mtoto akipata pa kwenda tumuulize habari za ahadi?"

Bibi, aliyekuwa ameegemea ukuta na kanga imemfunika hadi kidevuni, aliuliza jambo moja tu. "Nikifa, atakuja kunizika?"

Atupele alifungua mdomo. Angeweza kusema ndiyo. Kwa mtu wa Kyela, swali hilo ndilo kubwa kuliko yote yaliyoulizwa jioni ile, maana msiba wetu hauhesabu waliotuma fedha, unahesabu waliokuja. Lakini alijua kuwa viza ya kuingilia ikiisha muda, daktari aliyetoka lazima akaombe nyingine ubalozini ndipo arudi kazini, na hakuna anayejua atasubiri siku tatu au miezi mitatu.

"Nitajitahidi, Bibi."

"Sijauliza kama utajitahidi."

Katika mazungumzo yote hayo Mzee Ambakisye, baba mzazi, hakutamka neno. Alikuwa karibu na taa, daftari la chama cha msingi likiwa gotini, akiandika jina lake mbele ya kilo za kakao alizopeleka ghalani. Alijifunza kuandika kwenye kisomo cha watu wazima miaka ya sabini, na hadi leo herufi yake ya A ina mkia mrefu unaoshuka chini ya mstari na kupinda kushoto, alama ambayo karani yeyote wa chama anaijua. Alipomaliza alilizungushia daftari nailoni na kuliweka pamoja na makaratasi mengine ya chama, yakiwemo yale aliyomsainisha Atupele wiki mbili nyuma, siku alipompitia kazini akiwa na haraka, akamwambia ni ya mrithi.

"Tata," Mwalimu alimwita mdogo wake kwa heshima, "wewe ndiye mwenye mtoto. Sema."

Mzee Ambakisye alipunguza utambi. Kabla hajasema, mwanga wa pikipiki ulipiga ukutani na dereva wa bodaboda akaingia bila hodi, maji yakimtiririka.

"Dokta, simu yako haipatikani. Kuna mama ameletwa kwa boti kutoka Ikombe. Sista anasema ni wewe tu."

"Zamu ni ya Daktari Gwakisa leo."

Dereva aliangalia chini. "Gwakisa hayupo, Dokta. Nilimpeleka mwenyewe stendi saa kumi. Alikuwa na masanduku mawili. Ameacha bahasha yako, na amesema nisikupe mpaka awe ameshapita Mbeya."

* * *

Ikombe hakuna barabara. Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja hadi majini, na Wakisi wanaoishi kwenye kipande kile chembamba cha ardhi hufinyanga vyungu na kuvivusha kwa mitumbwi hadi mnada wa Lyulilo, pembeni mwa Matema. Mama aliyeletwa alikuwa mfinyanzi. Udongo uliokauka ulikuwa bado umeng'ang'ania kwenye kucha zake, na Sista Bupe alikuwa akiusugua kwa pamba yenye dawa huku akimsemesha taratibu. Alikuwa na uchungu tangu juzi. Mtoto alilala mkono ukiwa umetangulia.

"Damu?" Atupele aliuliza akinawa.

"Chupa moja. Ni kundi O, linamfaa."

"Moja tu?"

"Moja, Dokta."

Jenereta liliwashwa. Mtaalamu wa usingizi alimchoma ganzi ya uti wa mgongo, akamlaza, wakasubiri miguu ife. Atupele alipasua. Mtoto alitoka amelegea, wa kike, akapokelewa na mkunga kijana aliyempulizia hewa kwa kibuyu cha mpira hadi sauti ndogo, ya hasira, ilipojaza chumba. Watu walicheka. Atupele hakucheka, kwa sababu mfuko wa uzazi chini ya kiganja chake ulikuwa laini na haukutaka kujikaza.

Aliukanda. Sista alichoma oksitosini, kisha akaongeza kwenye dripu. Damu iliendelea kuja, si kwa kuruka, kwa kujaa tu. Ile chupa moja ilikuwa imeshapita nusu.

"Dereva wa bodaboda bado yupo nje?"

"Yupo."

"Mpimeni kundi. Na vipimo vyote vya haraka: Ukimwi, homa ya ini, kaswende. Akifaa mwombeni."

Alichukua uzi mnene. Njia hii alikuwa ameifanya akiwa na mkubwa pembeni, hajawahi peke yake: unapitisha uzi chini, unauvusha juu ya mfuko, unashuka nao nyuma, unarudia upande wa pili, kisha msaidizi anaubana mfuko kwa mikono miwili nawe unakaza. Alimwonyesha Sista Bupe pa kushika. Walikaza pamoja. Mfuko ukakunjamana. Walisubiri bila kusema, macho yote yakiwa kwenye shashi nyeupe aliyoiweka pale.

Shashi ilibaki nyeupe.

Saa tisa usiku mama wa Ikombe alikuwa wodini, mwanawe kifuani, damu ya kijana wa bodaboda ikiingia mkononi mwake tone kwa tone. Kijana mwenyewe alikuwa kwenye benchi akinywa soda, akimwuliza kila aliyepita kama mtoto ameshapewa jina.

Atupele aliingia chumba cha madaktari, akaiona bahasha mezani. Kiti cha Gwakisa kilikuwa kimesukumwa vizuri chini ya meza. Koti lake jeupe lilining'inia msumarini, limefuliwa na kupigwa pasi.

Gwakisa! Mmoja wa wale 258 wa mwaka 2017. Mtu aliyekuwa akisema kwenye kila kikao kwamba daktari anayeondoka mwambao huu anamwachia mwenzake maiti. Shirika la Afya Duniani limeiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi, na Uingereza inaifuata orodha hiyo kwa kujizuia kutuma mawakala kuja kutafuta watu huku. Gwakisa alikuwa akiinukuu orodha ile kwa sauti. Lakini orodha haimfungi daktari mmoja mmoja anayeomba kazi mwenyewe.

Barua ilikuwa fupi.

*Dada Atu. Ukisoma hii nitakuwa njiani. Mtihani wa kwanza wa Waingereza niliufanya mwaka juzi nikiwa likizo, wa pili nikaufuata Manchester, mlidhani nimekwenda kwenye harusi Dar. Viza yao ya wahudumu wa afya hainitaki niahidi kurudi. Miaka mitano ya kazi, halafu naomba ukaazi wa kudumu. Nimechagua njia hii ili nisisaini uongo. Hilo ndilo nililokuwa nikijiambia.*

*Lakini uongo nimeufanya hapa hapa. Ndani ya bahasha kuna barua yako. Ilifika wiki tatu zilizopita ukiwa kliniki ya mkoba, nikaipokea kwa niaba yako na kuifungua. Serikali imekuchagua kwa ufadhili wa ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi. Mimi nilikuwa wa akiba. Usipojibu, nafasi inakuja kwangu. Nilikaa nayo nikisubiri kuona ipi itatangulia, viza yangu au ukimya wako. Viza imetangulia.*

*Nisamehe kama unaweza. Mwisho wa kujibu ni Ijumaa.*

Atupele aliitoa karatasi ya pili. Mhuri, jina lake kamili, fani ambayo aliiomba miaka miwili mfululizo na kukata tamaa. Miaka mitatu ya masomo Muhimbili, mshahara ukiendelea, na sharti la kulitumikia taifa baada ya hapo. Alitazama kalenda ukutani. Ijumaa, Aprili 19.

Usiku ulikuwa umeshavuka kuingia Alhamisi.

* * *

Saa kumi na moja alfajiri alimpigia Lusajo. Kansas bado ilikuwa saa tatu usiku wa Jumatano. Lusajo alisoma naye, akamtangulia kwa miaka sita, na sasa alikuwa anamalizia mwaka wake wa tatu wa msamaha katika mji mdogo magharibi ya jimbo, penye mashamba ya ngano hadi macho yanachoka.

"Umeshaipata barua ya Wizara?" ndilo lililokuwa neno lake la kwanza. "Usichelewe. Ikitoka Wizara inakwenda kwa wanaodhamini viza, nao wanachukua wiki kadhaa. Ukifika Juni bila karatasi zao, Julai huanzi."

"Sijasaini ahadi, kaka." Akamweleza na jinsi Gwakisa alivyoondoka.

Lusajo alinyamaza. Kwa mbali mlio wa gari ulisikika, na mlango ukifungwa.

"Ngoja nitoke nje," alisema. Kisha: "Mimi nilisaini siku ile ile. Sikuisoma mara mbili. Unajua ninachofanya huku, Atu? Wagonjwa wangu ni wakulima wazee. Vijana wao wameondoka kwenda mijini. Nikichukua likizo ya wiki, mtu mwenye moyo mbovu anaendeshwa mwendo mrefu kutafuta daktari mwingine. Wananipenda. Mama mmoja hunipikia mikate. Mimi ndiye daktari wao wa kijijini. Mimi, mtoto wa Lufilyo, kijiji ambacho zahanati yake nilikuwa naipita imefungwa."

"Unajuta?"

"Siwezi kusema najuta. Nimesomesha wadogo zangu wanne. Nimejifunza dawa ambazo kule nilikuwa nazisoma kwenye vitabu tu. Lakini mama alipofariki nilikuwa nimebakiza mwaka na nusu. Stempu ya viza kwenye pasipoti ilikuwa imekwisha. Mwanasheria akaniambia kukaa niko halali, kutoka naweza, ila kurudi ni lazima nikapige foleni ubalozini Dar, na nikichelewa mwajiri anaweza kusitisha, na mkataba wa miaka mitatu ukikatika ovyo ile miaka miwili ya nyumbani inarudi kichwani. Nikamzika mama kwa simu, Atu. Asajile wenu ndiye aliyenishikia."

Atupele alikumbuka. Simu iliyoinuliwa juu ya vichwa vya watu, ikitikisika.

"Watu watakuuliza Marekani au Uingereza, mshahara huu au ule," Lusajo aliendelea. "Ni maswali ya maana, uyaulize. Hata uraia uulize: kadi haikuvui Utanzania, ila siku ukila kiapo chao wewe si Mtanzania tena, kwa sababu sisi hatuna uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima. Lakini kabla ya yote uliza unasaini nini, na mbele ya nani. Gwakisa kakwepa ahadi ya kurudi. Sawa. Mimi niliitoa nikaombewa msamaha, kihalali, karatasi zote zipo. Na bado kila nikifunga kliniki usiku naisikia."

"Kuna jambo jingine," Atupele alisema. Akamsomea barua ya ufadhili.

Kimya kilikuwa kirefu kiasi kwamba alidhani mtandao umekatika.

"Ukijitoa huku wanaweza kukufungia," Lusajo alisema hatimaye. "Usije ukadhani mlango utabaki wazi."

"Najua."

"Na hiyo ya Muhimbili ukiiacha?"

"Kesho jioni inakwenda kwa mwingine."

"Basi mimi sitakuambia," Lusajo alisema. "Nikikuambia njoo, nitakuwa nataka mwenzangu. Nikikuambia baki, nitakuwa nataka unilipie deni langu."

Jua lilichomoza nyuma ya milima, ziwa likabadilika rangi, na mitumbwi ya wavuvi wa usipa ikaanza kurudi. Atupele alipita wodini. Mama wa Ikombe alikuwa macho. Shinikizo lake la damu lilikuwa limepanda vizuri, na mtoto ananyonya. Mama aliutoa mkono wake chini ya shuka, akamshika Atupele kidole kimoja tu, cha shahada. "Ndaga fijo," alisema, kwa lugha ya jirani zake. Kucha zilikuwa safi sasa.

Saa mbili na nusu simu iliita. Namba ilianza na 026. Dodoma.

"Daktari Atupele? Habari za asubuhi. Tunashughulikia barua yako ya kwenda Marekani. Ahadi yako ya kurudi imetufikia, imekamilika. Tunathibitisha tu: shahidi aliyesaini ni baba yako mzazi?"

"Samahani," Atupele alisema. "Mimi sijasaini ahadi yoyote."

"Saini ipo hapa, Daktari. Nikutumie picha?"

Picha iliingia. Ilikuwa fomu ile ile iliyodondoka mkobani, ila hii imejazwa yote kwa mashine. Chini palikuwa na saini yake. Haikuwa ya kuigiza. Ilikuwa yake kabisa, ya haraka, na doa la wino pale kalamu ilipokwama. Aliikumbuka kalamu ile. Aliikumbuka na siku: korido la wodi, baba amevua kofia, makaratasi ya chama yamekunjwa na kubaki mahali pa kusaini tu. *Ni ya mrithi, mwanangu, weka hapa.* Na Asajile ndiye mwenye mashine ya kuchapia.

Mstari wa shahidi ulikuwa na jina moja. Herufi A, mkia wake umeshuka chini ya mstari na kupinda kushoto.

Kwa hiyo jana, wazee walipokuwa wanagombana, baba alikuwa amekwisha kuamua. Alimwacha Mwalimu ahesabu vidole na Bibi aulize habari za kuzikwa, hali ahadi imeshafika Dodoma.

"Daktari, bado upo?"

"Nipo."

"Hapa ndipo tunapohitaji msaada wako." Yule mama wa Dodoma alishusha sauti, akaacha kuongea kiofisi. "Leo saa moja asubuhi imeingia barua nyingine kwa baruapepe, imetumwa kutoka stationery moja huko Ipinda. Imeandikwa kwa mkono. Mwandishi ni huyo huyo shahidi. Anaomba ile ya kwanza tusiifanyie kazi, na tusikupe barua kabisa. Ametoa sababu. Kusema kweli nimeisoma mara mbili, na sijui kama wewe unaifahamu sababu hiyo."

"Sababu gani?"

"Anasema kuna mtu wa familia yenu aliyewahi kuiahidi Serikali kwamba atarudi, akaenda, na hakurudi. Ametaja jina na mwaka." Karatasi ilisikika ikigeuzwa. "Daktari, nivumilie kwa swali hili. Mama yako mzazi, nyumbani walikuambia alifariki lini?"

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO